Sihiri, Uchawi na Kinga: Uhakiki wa Maneno Matatu katika Maandishi ya Dini

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyapokea kutoka katika Kiarabu limo neno sihiri, nalo laishi sambamba na neno la asili, uchawi, hata watu wengi huyatumia yote mawili kana kwamba ni neno moja lenye sauti mbili. Wafasiri nao hawakuiacha njia hiyo. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, katika tafsiri yake ya Kurani iliyotoka mwaka 1995, alitumia neno uchawi kwa sihr ya Kiarabu katika habari za Nabii Suleiman, na akawaita wachawi wale watu wa Firauni walioshindana na Nabii Musa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa mpaka walioweka wanavyuoni wa Kiislamu baina ya lililo halali na lililo haramu katika jambo hili haupiti pale unapopita mpaka wa Kiswahili baina ya uchawi na uganga. Na kwamba tofauti hiyo si ya maneno matupu, kwani imewaachia wengine mlango wa kutenda yaliyokatazwa bila ya kujua kuwa yamekatazwa, na imewatia wengine katika hatari ya roho zao.

Sikusudii kutoa fatwa. Kazi hiyo ina wenyewe. Wala simlaumu mfasiri aliyetangulia, kwani atafutaye neno moja la kumfikia msomaji wa Lamu na wa Tabora kwa wakati mmoja hana budi kulichukua lililo karibu na mkono wake. Kazi yangu ni ya lugha: kuuliza neno hili labeba nini, lile labeba nini, na kipi kimwagikacho njiani likitiliwa hili mahali pa lile.

Natuanze na neno la Kiarabu. Katika Kurani sihr yatajwa mara nyingi, lakini kwa ajili ya uhakiki huu yatosha kutazama mahali patatu. Pa kwanza ni kisa cha Musa na Firauni, kilichomo katika sura ya Al-Aaraf na ya Taha pamoja na nyinginezo. Watu wa Firauni watupa kamba zao na fimbo zao, na watu wakaona nyoka. Lakini maandishi yenyewe yaeleza kuwa kilichorogwa ni macho ya watazamaji, na kwamba Musa alidhanishwa tu kuwa zile kamba zakwenda mbio. Hapa basi sihr ni udanganyifu wa macho. Kiswahili kina maneno mazuri mno kwa jambo hilo: kiinimacho, na mazingaombwe. Mswahili amwonapo mtu sokoni akitoa vitambaa kinywani au akimeza kisu, hasemi kuwa huyo ni mchawi. Asema ni mtu wa kiinimacho, acheka, atoa senti zake, aenda zake. Neno mchawi likitiwa katika kisa kile, msomaji hupotewa na hoja yenyewe ya kisa, nayo ni kuwa fimbo ya Musa ilikuwa kweli na kamba zao zilikuwa za kudhaniwa.

Pa pili ni katika sura ya Al-Baqara, aya ya 102, yenye habari za Suleiman, na za Haruti na Maruti katika mji wa Babeli. Hapa sihr ni elimu: mashetani waifundisha, watu wajifunza, nao Haruti na Maruti hawamfundishi mtu ila kwanza wamwonye. Na katika hayo yajifunzwayo, lililotajwa kwa jina ni moja tu: lile la kumtenga mume na mkewe. Kisha yaongezwa kuwa hawawezi kumdhuru mtu kwa jambo hilo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Pa tatu ni pale ambapo makafiri wa Makka wamwita Mtume mwenye sihr, na Kurani yenyewe waiita sihr. Hawakukusudia kusema kwamba yeye hutembea usiku au huwala watu. Walikusudia kuwa maneno yale yaliteka nyoyo, na yakamtenga mtoto na baba yake aliyebaki katika dini ya zamani. Kadhalika iko hadithi mashuhuri isemayo kuwa katika ufasaha mna ambao ni sihr. Lakini malenga wa Mombasa au wa Pemba akiambiwa kuwa tungo zake ni uchawi, huenda akadhani ametukanwa.

Wataalamu wa zamani waliuona upana huu. Al-Raghib al-Isfahani, katika kamusi yake ya maneno ya Kurani, aligawanya maana za sihr: iko ile ya hadaa na mambo yasiyo na hakika, kama ya watu wa kiinimacho, iko ile ya kutafuta msaada wa mashetani kwa kujikurubisha kwao, na iko ile idhaniwayo na watu wasio na elimu, kuwa mtu aweza kubadili maumbile na kumfanya binadamu kuwa punda, na hiyo yeye aliihesabu kuwa haina ukweli. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 606 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 1210, alizidi kupanua, akahesabu namna nane katika tafsiri yake ya aya ile ya Al-Baqara. Humo mna sihr ya waabuduo nyota, ya watakao msaada wa majini, ya kiinimacho, ya vyombo vilivyoundwa kwa hesabu vikastaajabisha watu, na ya dawa zilevyazo akili. Namna ya nane, nayo ndiyo ya mwisho, ni kupeleka maneno ya fitina baina ya watu kwa hila na kwa siri. Msomaji na aiweke akilini hiyo ya nane, kwani tutairudia.

Sasa tulitazame neno la Kiswahili. Uchawi limeundwa kwa kiambishi u-, kama utu, uzee, uganga na ujinga. Ni hali au kazi ya mtu. Nyuma yake yupo mchawi, na mchawi huyo ni mtu wa karibu. Methali ya wazee yatuamrisha kumpa mchawi mwana amlee, kwa kuwa akishapewa amana atachelea kumdhuru. Methali hiyo yafaa ishara kubwa kwa mhakiki wa lugha: yachukulia kuwa mchawi ajulikana, kuwa yu jirani, na kuwa mtu aweza kupeleka mtoto mlangoni kwake. Kiswahili hakina habari na uchawi usio na mwenyewe. Asemapo mtu kuwa fulani amerogwa, swali la kwanza litokalo kinywani mwa msikilizaji ni, "Na nani?"

Ni kweli kwamba Kiarabu nacho kina sahir, mtendaji wa sihr, sikatai. Lakini sahir ni mtu ajulikanaye kwa alitendalo na alilojifunza, kama watu wale wa Firauni waliokusanywa kutoka mijini na wakaulizia ujira wao. Mchawi wa Kiswahili hajulikani kwa tendo lionekanalo, bali hushukiwa kwa msiba uliompata mwingine. Yule wa kwanza huonekana akitenda. Huyu wa pili hutafutwa baada ya msiba kutendeka. Na kitu kitafutwacho hakikosi kupatikana, ikiwa mtafutaji ana hasira na ana jirani mzee.

Tena uchawi hausimami peke yake. Una mwenzake, uganga. Mchawi adhuru, mganga aponya. Mchawi afunga, mganga azingua. Mchawi yuko gizani, mganga ana jamvi lake na watu wampigia hodi mchana. Hata methali isemayo kuwa mganga hajigangi yamchukua kuwa mtu wa heshima ambaye ana upungufu mmoja tu. Mpaka wa Kiswahili basi wapita baina ya kudhuru na kuponya. Ukiuliza kama jambo fulani ni uchawi, waulizwa nawe: je, limemdhuru mtu?

Mpaka wa wanavyuoni haupiti hapo. Wao huuliza: ni kwa njia gani, na kwa kumtegemea nani? Katika hadithi iliyopokewa kwa Ibn Masud na kuandikwa na Abu Daud, yakatazwa mambo matatu kwa pamoja: mazinguo ya maneno ya kishirikina, hirizi za kuning'inizwa, na dawa ya kumpendeza mke kwa mumewe. Hiyo ya tatu si nyingine ila limbwata. Na limbwata, kwa hukumu ya Kiswahili, si uchawi hata kidogo. Ni siri ya nyumbani, na atengenezaye ni mganga au ni somo aliyemfunda bibi harusi. Mwanamke aliyesoma tafsiri ya aya ya Haruti na Maruti, akaona neno uchawi, ataitikia kwa moyo wote kuwa uchawi ni haramu, kisha aende akatafutiwe limbwata la kumrudisha mumewe kwa mke mwenziwe; na kumbe hilo ndilo tendo lile lile lililotajwa katika aya, yaani kuingia baina ya mtu na mkewe. Hakuasi kwa ukaidi, bali neno halikumfikia. Hapa ndipo nisemapo kuwa tafsiri ya uchawi imemwacha mganga akapita huru.

Jambo hili ladhihirika zaidi tukitazama habari za kinga. Uislamu haukukataza mtu kujikinga. Kinyume chake, umemfundisha. Katika Sahihi ya Muslim yapatikana hadithi ya Auf bin Malik, kuwa watu walimwonyesha Mtume maneno waliyokuwa wakiwasomea wagonjwa kabla ya Uislamu, naye akawaruhusu madhali hamna shirki ndani yake. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 wa Hijra, yaani 1449, alieleza kuwa wanavyuoni wameafikiana juu ya kisomo hicho kikitimiza masharti matatu: kiwe kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, au majina yake na sifa zake, kiwe kwa Kiarabu au kwa lugha ambayo maana yake yafahamika, na asadiki msomaji na msomewa kuwa kisomo hakifanyi kazi kwa nafsi yake, bali kwa uwezo wa Mungu.

Sharti la pili lamhusu mwanafunzi wa lugha kuliko mtu mwingine yeyote. Lasema kuwa maneno yasiyoeleweka hayafai kuwa kinga. Tupime kwa sharti hilo mambo ya pwani yetu. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani, zikaoshwa kwa maji au marashi, mgonjwa akanywa, hulipita sharti la lugha bila ya taabu, na wako wanavyuoni wakubwa walioliruhusu, Ibn Taymiya miongoni mwao, ambaye watu humdhania kuwa mkali katika kila jambo. Hirizi yenye aya za Kurani ina khitilafu tangu zama za masahaba: Ibn Masud aliichukia, na imepokewa kuwa Abdallah bin Amr aliwaning'iniza watoto wake wadogo maandishi ya dua. Lakini talasimu, yenye miraba ya tarakimu, herufi zilizokatwakatwa na majina yasiyojulikana kuwa ni ya malaika au ya majini, kama zile zijaazo katika kitabu cha Shamsu al-Maarifi kinachonasibishwa na al-Buni, huanguka hapo hapo. Mwenye kuivaa hajui imesema nini. Na mara nyingi aliyeinakili naye hajui. Hata hivyo hirizi na talasimu hukaa ndani ya ngozi ile ile iliyoshonwa, zikaitwa kwa jina lile lile, na zikatoka katika mkono ule ule wa mganga wa kitabu.

Zaidi ya hayo yako maneno ya Kiarabu yaliyobadili maana yalipovuka bahari. Kafara katika fikihi ni malipo ya mtu aliyevunja kiapo au aliyefungua saumu bila ya udhuru. Kwa mkono wa mganga imekuwa mnyama au chakula kitupwacho njiapanda au baharini ili nuksi iende nacho. Azima, ambayo kwa Kiarabu ni maneno ya kuapiza, imekuwa kitu cha kufungwa kwa uzi. Kwa sauti yake ya Kiarabu, neno la namna hii huvaa kanzu. Na msikilizaji aonapo kanzu, hasiti kumwamkia mvaaji kama shekhe. Ndipo mtu akafukia fingo kizingitini mwake, akatoa kafara, akavaa azima, na huku akisadiki kuwa hajafanya lolote ila kujikinga na uchawi.

Kuwa uganga waweza kuwa mlango wa madhara makubwa, dola yenyewe ilikuja kuliona, na mbali na pwani. Katika Tanzania, hasa katika mikoa ya Ziwa, walipokuwa wakiuawa watu wenye ulemavu wa ngozi kwa ajili ya viungo vyao, waliokuwa wakiviagiza hawakujiona kuwa ni wachawi. Walijiona kuwa ni watu watafutao bahati katika madini na uvuvi, nao walikwenda kwa waganga. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Wengi wa waganga hao hawakuwa Waislamu, wala sisemi kuwa tafsiri ya kitabu chochote ndiyo iliyoleta mauaji yale. Nasema kuwa lugha yetu moja, itumikayo na watu wa dini zote, imemzoeza msemaji wake kuuliza kama tendo lamfaa yeye, asiulize limepita njia gani. Mpaka wa kudhuru na kuponya hautoshi, kwa kuwa dawa ya mmoja yaweza kuwa ni mauti ya mwingine.

Hayo ni ya mganga. Ama kwa upande wa mchawi, neno limetenda kinyume: huyu halikumwacha huru, bali limemtafutia watu wa kumkamata. Na hapa maandishi ya dini yana somo ambalo tafsiri zetu hazijalitilia nguvu ipasavyo. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwa Bibi Aisha kuwa Mtume mwenyewe alifanyiwa sihr na mtu wa Madina aitwaye Labid bin al-Aasam, kwa kitana na nywele zilizokatika kwa kuchanwa, zikawekwa katika kumbi la mtende dume ndani ya kisima cha Dharwan. Mtume alimjua aliyetenda. Alikuwa na mamlaka ya mji, na alikuwa na masahaba ambao neno moja lingewatosha. Bibi Aisha alipomuuliza habari ya kukitoa kitu kile, jibu lake, kwa maana yake, ni kuwa Mungu amekwisha kumponya, naye achukia kuwachochea watu shari. Kisima kikafukiwa. Riwaya zahitilafiana katika mambo madogo, lakini katika hilo la kutoamsha shari ziko wazi.

Sura ya Al-Falaq, ambayo baadhi ya wafasiri waliihusisha na tukio hilo, yafuata mwendo ule ule. Yamfundisha mtu kujikinga kwa Mola na shari za aina nne: ya viumbe, ya giza liingiapo, ya wapulizao mafundoni, na ya hasidi ahusudupo. Hamna jina la mtu. Hamna amri ya kwenda kuuliza ni nani aliyepuliza. Mwenye kusoma hahitaji kumjua adui wake ndipo akingwe. Na huenda hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote baina ya kinga ya kisomo na kinga ya bao. Apigaye bao au ramli humrudisha mteja wake nyumbani na jina la mtu. Yule aliyesomewa hurudi na dua.

Fikihi nayo yafuata mwendo huo. Ni kweli kuwa maimamu hawakuwa laini: Malik na wengineo walihukumu kuwa mwenye kutenda sihr auawe. Lakini Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, yaani 820, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu tangu kale, aliweka kwanza swali: mtu huyo atakiwe aeleze sihr yake ni nini. Ikiwa ndani yake mna ukafiri, ahukumiwe kwa ukafiri. Ikiwa hamna, basi ni dhambi iliyo chini ya hapo. Msomaji ataona kuwa Shafii hakukubali kumhukumu mtu kwa jina kabla ya maana ya jina hilo kuwekwa wazi. Kisha wafuasi wake, Nawawi miongoni mwao, waliandika kuwa kuua kwa sihr huthibiti kwa kukiri kwa mtendaji mwenyewe, si kwa mashahidi. Kwani shahidi ataona nini? Hawezi kuiona nia, wala hawezi kuuona uzi uunganishao neno lililosemwa hapa na mauti yaliyotokea kule. Kwa sharti hilo moja, ndoto ya jirani na maneno ya mpiga ramli hayana nafasi mbele ya kadhi.

Wala asidhani mtu kuwa Waislamu wote waliafikiana juu ya hakika ya sihr. Al-Jassas, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 370 wa Hijra, yaani 981, aliikataa hadithi ya Labid, na akaona kuwa sihr ni hadaa tupu. Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, naye hakuikubali katika tafsiri yake. Upande wa pili, Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijra, yaani 1406, alisema katika Mukadima yake kuwa sihr ina hakika, na akasimulia aliyoyaona kwa macho yake. Nyuma yake wako wengi katika Ahlu Sunna. Lakini tukiwapanga wote hawa katika safu, asadikiye na asiyesadiki, hatumwoni hata mmoja aruhusuye watu wa mtaa kumwendea kikongwe usiku kwa mienge. Asiyesadiki hana sababu ya kwenda. Asadikiye ana kadhi, ana sharti la kukiri, na ana sura ya kusoma.

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwezi wa Mei 2008, katika eneo la Kisii, magharibi mwa Kenya, watu kumi na mmoja, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto kwa kudaiwa kuwa ni wachawi. Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, na sheria hiyo ilihesabu kuwa kumsingizia mtu uchawi, isipokuwa kwa kumshitaki mbele ya wakuu, ni kosa. Wakazi wa Kisii wengi si Waislamu, na lugha yao ya nyumbani si Kiswahili. Hoja yangu si juu yao. Lakini neno mchawi latumika kote, magazetini na mahakamani, na mtu yeyote wa dini yoyote huliokota kama alivyolikuta, pamoja na lile swali lake la "Na nani?" Hapa narudia namna ya nane ya Razi. Kwa hesabu ya mfasiri yule, apitaye nyumba kwa nyumba akinong'ona kuwa fulani ndiye aliyeroga, yeye mwenyewe ameingia katika mlango wa sihr. Kwa kuwa ametenganisha watu kwa hila, na hilo ndilo tendo la Babeli. Tafsiri ya uchawi haiwezi kabisa kubeba maana hiyo. Tafsiri ya sihiri, ikifafanuliwa, yaweza.

Najua watakalosema wapingao. Watasema: sihiri ni neno la waliosoma, na uchawi ni neno la watu wote; tena katika mazungumzo sihiri nayo imekwisha kupungua, kwani asemaye kuwa amesihiriwa akusudia lile lile akusudialo aliyerogwa. Haya yote ni kweli. Kubadili neno moja hakutoshi, na neno la kigeni bila ya maelezo ni kama sanduku lililofungwa. Lakini lililofungwa laweza kufunguliwa. Lililojaa tayari ni vigumu kulitia kitu kingine. Afadhali msomaji aulize, "Sihiri ni nini?" kuliko kudhani kuwa uchawi ameujua tangu utotoni.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wafasiri na watunga kamusi wajao. Kwanza, sihiri itumike kuwa neno la jumla, na ipewe katika kamusi maelezo yake yenyewe, isiandikwe tu kuwa ni sawa na uchawi. Pili, katika kisa cha Musa itumike lugha ya kiinimacho, au angalau lugha hiyo itajwe katika maelezo ya chini, ili hoja ya kisa isipotee. Tatu, katika aya ya Babeli pawekwe maelezo yataja limbwata kwa jina lake, na dawa za kutenganisha watu. Kwani maelezo yasiyotaja kitu kwa jina lake la nyumbani hayamfikii aliye nyumbani.

Lililobaki ni neno kinga, na hapa nafurahi kusema kuwa Kiswahili hakina la kuazima. Wafasiri walipofika kwenye mwanzo wa sura mbili za mwisho walipata kitenzi kilicho tayari: kujikinga. Na watu wa kawaida, bila ya kufundishwa na mfasiri, wametenga vitenzi vyao kwa uangalifu kuliko walivyotenga majina. Mgonjwa aliyekwenda kwa shekhe husemwa kuwa "amesomewa"; aliyekwenda kwa mganga husemwa kuwa "ameaguliwa". Nyumba yenye dawa chini ya kizingiti "imezindikwa". Mtu aliyesoma sura zake kabla ya kulala "amejikinga". Hakuna mzee wa pwani atakayekosea akaviweka vitenzi hivi mahali pasipo pake. Mpaka ule walioutafuta akina Ibn Hajar kwa masharti matatu, lugha imekwisha kuuchora katika vitenzi, baina ya kusomewa na kuaguliwa, baina ya kujikinga na kuzindika. Ulikosekana katika majina tu, ambayo ndiyo tuliyoyatumia kufasiri. Anayekusudia kufasiri upya na aanze katika vitenzi hivyo. Na mwenye kuona kosa katika niliyoyaeleza, au mwenye matumizi ya maneno haya kutoka mjini kwake yasiyolingana na haya, na ayaandike, ili kazi hii iendelee.